Beji ya Mwezi Uliolala

Mwanamwema hakuwa mtu wa kutazama kazi usoni. Ukimletea kofia iliyoshonwa na mwingine, anaigeuza kwanza, anatazama ndani.

"Uso kila mtu ananawa," alikuwa akisema. "Nionyeshe mgongo."

Alizaliwa Kondoa. Kofia alifundishwa na shangazi yake, mwanamke mkali, aliyempiga vidole kwa mwiko kila alipokosea tundu. Hasani alimwoa akamleta Karatu, wakati huo Karatu ni maduka ya kuhesabu, vumbi, na malori ya kahawa yakishuka kutoka Oldeani. Hasani aliweka cherehani barazani. Mkewe alikaa nyuma ya mlango na sindano yake. Walipata mapacha. Doto hakukaa. Kurwa alikua, akaolewa Mto wa Mbu. Mjini wakamwita Mama Kurwa, na jina lake likabaki la kuitwa na mumewe peke yake.

Mwaka wa hamsini na tisa, hifadhi ya Ngorongoro ilipoanza, Hasani alipata kazi ya kushona mashati ya kaki ya askari wa wanyama. Beji za begani zilitoka mbali. Ikichanika moja, unangoja miezi. Mama Kurwa alichukua moja iliyochanika, akaigeuza, akakaa nayo siku nzima. Siku ya pili alishona nyingine. Askari akaivaa, akasimama mbele ya mkubwa wake, mkubwa asijue. Tangu siku hiyo askari aliyechanikiwa na beji alijua pa kwenda, naye hakusema kwa sauti.

Ndivyo Tluway alivyowajua, kwa kusikia kutoka kwa askari hao.

Ilikuwa Jumatano, mwezi wa nane, mwaka wa sitini na tisa. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu redio iseme kuwa watu wamekanyaga mwezini. Pale barazani watu walikuwa bado wanabishana. Hasani alikuwa akikunja pindo la suruali alipomwona Tluway anashuka kwenye lori la hoteli, amekumbatia kifurushi kifuani kama mtu aliyebeba yai.

Tluway alikuwa dobi katika hoteli moja kule juu, ukingoni mwa kreta. Kijana wa Mbulumbulu, mrefu, mcheshi. Siku hiyo hakucheka.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Bado. Mama Kurwa yupo?"

Alipitiliza ndani bila kukaribishwa. Hasani aliiacha suruali akamfuata.

Tluway alifungua kifurushi juu ya mkeka. Ndani mlikuwa na beji moja ya kitambaa, ya duara, upana wa kiganja. Ya buluu. Pembeni herufi zimeizunguka. Katikati chombo kama risasi, kinapaa, na nyota tatu. Nusu ya juu ilikuwa imeyeyuka. Alama ya ncha ya pasi ilionekana wazi, kama unyayo wa mtu kwenye tope.

"Nailoni," alisema Hasani.

"Nailoni, fundi. Sikujua. Niliiweka pasi, nikasikia harufu."

Akaeleza. Kulikuwa na mgeni, Mmarekani. Kazi yake kwao ni kukaa kwenye kituo chenye sahani kubwa ya chuma, kusikiliza vyombo vinavyokwenda angani. Jaketi lake lina beji saba. Kila safari ya angani wale wanaokwenda hujichorea beji yao, na yeye huzitafuta, hubadilishana na wenzake kwa posta, anazo nyingine ndani ya bati. Lakini hii moja haikuwa ya kutafuta. Hii aliichora mwenyewe, ya wenzake wa pale kituoni. Zilishonwa kumi na mbili tu. Haya yote Tluway aliambiwa na Martini, mhudumu wa mezani, anayejua Kiingereza.

"Amekwenda Serengeti siku tatu," alisema Tluway. "Ameacha jaketi lifuliwe; beji nimeifumua humo. Anarudi Ijumaa jioni. Jumamosi anaondoka."

"Mwambie ukweli," alisema Hasani.

"Meneja alishaniambia, Tluway, kosa moja tena unashuka mlima na kitanda chako. Aliyekuwa dobi kabla yangu alipoteza shati moja tu. Shati, fundi! Aliitiwa polisi. Mimi mke wangu Marsela yupo pale nyumba za wafanyakazi, ana mimba ya miezi minane. Nimpeleke wapi na baridi ile?"

Mama Kurwa hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameigeuza beji. Kidole chake kilikuwa kinatembea mgongoni mwake, polepole, kama mtu anayesoma.

"Mgongo umepona," alisema. "Herufi zote zipo. Nyota zipo. Hapa tu pametoboka." Akaonyesha tundu juu, karibu na ukingo. Kilichosalia hapo kilikuwa kijincha kimoja cha uzi wa dhahabu, chembamba kama ukucha. "Hapa palikuwa na nini?"

"Mwezi, mama. Mwezi mchanga."

"Ulikaaje?"

Tluway alilishangaa swali. "Ulikaa kama mwezi unavyokaa."

"Haya."

Hasani alisikia maneno yale. Hakuona kosa. Angeulizwa yeye, angejibu vivyo hivyo.

"Nitashona," alisema Mama Kurwa. "Lakini sharti moja. Ukiulizwa, unasema. Mimi nashona beji, sishoni uongo."

"Nitasema."

"Apa."

"Naapa, mama. Kwa jua lile." Akanyoosha mkono mlangoni. Kwa Wairaqw, watu wa kabila lake, jua si kitu cha mchezo.

Alipoondoka, Hasani alifunga mlango.

"Wewe unatafuta tufungwe. Beji za askari ni jambo moja. Hii ni mali ya mgeni."

"Hujala."

"Nasema na wewe!"

"Nami nasema hujala. Ugali upo jikoni. Ukishiba nitafutie kitambaa cha buluu."

Hasani alikula. Kisha akatafuta. Kitambaa alikipata kwenye sanduku la vipande, kimebaki kwenye sare za shule. Uzi mweupe walikuwa nao, mwekundu walikuwa nao. Wa dhahabu hawakuwa nao. Maduka yote matatu hakuna.

Mama Kurwa alijitanda kanga akaenda Rhotia kwa miguu, kwa Lukresia. Lukresia alikuwa akifua na kushona nguo za kanisa. Hasani alikwenda naye, akabaki nje ya boma, lakini sauti zilimfikia.

"Uzi wa joho la padre?" Lukresia alipiga kelele. "Mwislamu wewe, unataka kwenda kupamba nini?"

"Mwezi."

"Wa msikitini?"

"Wa angani. Wa Wamarekani."

"Mama Kurwa, umeanza kuzeeka mapema." Kisha kicheko. "Kuna kipande kilichobaki kwenye kibao. Padre hakihesabu. Lakini ukikutana na huyo Mmarekani, muulize kama wamemkuta Mungu huko."

"Nitamuuliza kama huyo Mungu naye alibakisha uzi."

Uzi ulikuwa mfupi. Hasani aliupima kwa jicho, akajua hautoshi kukosea hata mara moja.

Alhamisi mkewe alishona tangu alfajiri. Hasani hakupiga cherehani siku hiyo; alisema mkanda umelegea. Ukweli ni kwamba hakutaka kelele. Herufi mkewe hakuzijua hata moja. Alizishona kwa kuhesabu: mbili juu, moja kulia, rudi. Kwake zilikuwa kama vijitundu vya kofia tu, vina mpangilio wake. Chombo kilikwisha adhuhuri. Nyota zikafuata. Mwezi aliuacha mwisho, kwa sababu ya uzi.

Jioni alikuwa amekwama. Kijincha kile cha dhahabu kilielekea juu. Lakini kutoka pale mstari unakwenda wapi?

"Mwezi umeandama?" aliuliza.

"Leo unaweza kuonekana."

Alitoka uani. Hasani alimwona amesimama karibu na banda la kuku, ameinua uso kuelekea magharibi, sindano mdomoni. Kule juu ya mashamba, mwembamba, mwezi ulikuwa umelala chali, pembe zake mbili juu, kama pembe za ng'ombe anayenywa maji. Aliutazama kama fundi anavyomtazama mteja anayepimwa. Akarudi ndani, akaushona vilevile alivyouona, umelala. Kijincha cha zamani kikawa ncha ya pembe ya kulia. Alipomaliza, uzi ulibaki urefu wa kope.

Ijumaa Tluway alifika saa sita, na lori la unga la hoteli. Jaketi hakuthubutu kulitoa kule. Ilibidi beji iende ishonewe hukohuko. Mama Kurwa akapanda. Hasani naye akapanda, maana hakuwa tayari kumwacha mkewe aende kukamatwa peke yake.

Walipoingia msituni ukungu uliwashukia. Si ukungu wa kawaida. Dereva alitoa kichwa dirishani, akasimama.

"Sioni ukingo. Tungoje."

"Mpaka lini?" alisema Tluway.

"Mpaka Mungu apende. Unataka nikutupe bondeni pamoja na unga?"

Walingoja mpaka ikafika saa tisa. Tluway alishika kichwa. Hasani aliyasikia maji yakidondoka kwenye majani, na mbali, kitu kizito kikivunja matawi. Mama Kurwa alifungua fundo lake akatoa kitambaa cheupe cha kofia, dhiraa tatu, alichokuwa amebeba ashone njiani.

"Jifunge mgongoni," alimwambia Tluway. "Tembea mbele. Dereva akufuate wewe."

Hivyo ndivyo walivyopanda. Dobi mbele, mweupe mgongoni, mkono mmoja ukipapasa ukingo wa barabara, lori nyuma likiguna kwa gia ya kwanza. Mara mbili kitambaa kilipotea kabisa na dereva akakanyaga breki, na Hasani akasema shahada kimoyomoyo. Mara mbili kikaonekana tena.

Saa kumi na nusu walifika. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma, kinanuka sabuni na mkaa. Mama Kurwa hakukaa hata kwenye kigoda. Alilishika jaketi, akaweka beji pale palipokuwa na kivuli cha ile ya kwanza, akaanza. Mikono yake ilikuwa na baridi. Hasani alivua koti lake akamfunika mabega.

Nje Land-Rover ililia, ikazima.

"Amefika," alisema Tluway.

"Nyamaza."

"Mama, amefika!"

"Nimebakiza kidole kimoja. Kama unataka kusaidia, nenda kapumue nje."

Alikata uzi kwa meno. Wakati huohuo Martini alisukuma mlango.

"Bwana anasikia baridi, anataka jaketi lake." Akaliona, akawaona wao, akaelewa au hakuelewa, akalichukua.

Wakangoja. Hasani alihesabu mashuka yaliyoanikwa. Kumi na manne. Akahesabu tena. Tluway alikuwa ameegemea ukuta, midomo inakwenda bila sauti.

Martini alirudi. "Dobi anaitwa. Meneja naye yupo."

Mama Kurwa alisimama. "Tunakwenda wote."

Mgeni alikuwa karibu na moto, mtu mwembamba, mwenye miwani, vumbi la Serengeti bado shingoni. Jaketi alikuwa amelivua tena, liko magotini. Kidole chake kilikuwa juu ya mwezi. Meneja alisimama nyuma yake, mikono mgongoni. Mgeni alisema kitu kwa sauti ya chini.

"Anauliza," alisema Martini, "nani ameulaza mwezi wake."

Moto ulipasuka. Hasani alimtazama Tluway, na Tluway alikuwa akitazama viatu vyake. Alikuwa ameapa. Lakini ni rahisi kuapa Karatu.

"Mjibu," alisema meneja kwa Kiswahili chake kibovu. "Wewe nafanya nini na nguo ya mgeni?"

Mama Kurwa alifungua pindo la kanga, akatoa beji iliyoungua, akaiweka juu ya meza mbele ya mgeni. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akamwachia Tluway nafasi.

Tluway alivuta pumzi. "Mimi niliichoma," alisema. "Kwa pasi. Niliogopa. Huyu mama ameshona nyingine. Yeye hana kosa."

Martini alitafsiri. Meneja aligeuka mwekundu. Mgeni hakumtazama meneja. Aliweka beji mbili pamoja, nzima na mbovu. Akaigeuza ile mpya, akatazama mgongo wake. Alipoona hivyo Mama Kurwa alimgusa Hasani kiwiko.

Mgeni akasema tena.

"Anasema, kila kitu ni sawasawa. Herufi sawa. Ila mwezi. Wake ulisimama, hivi." Martini akasimamisha mkono, vidole vimepinda.

"Ulisimama?" alisema Mama Kurwa. "Una miguu?"

"Mwanamwema," alinong'ona Hasani.

"Mwezi gani unasimama? Wamefika huko wakausimamisha? Mpelekeni nje atazame."

Martini alisita, lakini alitafsiri. Mgeni aliinuka. Wote wakatoka barazani, meneja nyuma yao akinung'unika. Giza lilikuwa linaanza kuingia; walisimama wakielekea magharibi.

Hakukuwa na kitu. Ukungu ulikuwa mweupe mpaka kwenye nguzo za baraza. Kreta yenyewe haikuonekana, sembuse mwezi. Wakangoja. Baridi ikapanda miguuni. Hasani aliomba, mtu ambaye hakuwa na mazoea ya kuomba nje ya vipindi, aliomba upepo. Upepo haukuja.

"Inatosha," alisema meneja. Akamgeukia Tluway. "Kesho asubuhi nyumba iwe tupu."

Tluway aliinamisha kichwa. Hasani alimfikiria Marsela na tumbo lake, kwenye lori, kwenye ukungu huu.

Ndipo mgeni aliposema, bila kugeuka, bado anatazama kule kwenye ukungu. Martini alimfuata nyuma, kipande kwa kipande.

"Anasema jana jioni aliuona. Kule Serengeti. Umelala... Anasema kazi yake ni kuufuata mwezi kwa mashine, miaka saba sasa. Kwa namba anajua kuwa huku hulala. Alijua siku zote... Lakini alipochora beji, alichora wa dirishani kwao. Hakufikiri kuna watu wanaouona hivi kila mwezi." Martini akamgeukia Mama Kurwa. "Anasema uitoe."

"Niitoe?"

"Kwenye jaketi. Uibandue."

Hasani aliona uso wa mkewe ukinywea. Siku mbili, uzi wa padre, na vidole vile. Lakini hakubisha. Aliingia ndani, akakaa chini kando ya moto, akafumua uzi mmoja mmoja, bila kuichuna nguo. Akampa.

Mgeni alikwenda chumbani akarudi na bati bapa. Alilifungua. Ndani, kila moja kwenye karatasi yake, mlikuwa na beji za safari za angani, za duara na za pembe, tai, farasi, nyota. Aliiweka ya Mama Kurwa juu yao, akafunga.

"Anasema hii haivaliwi," alisema Martini. "Haifuliwi. Na haipigwi pasi."

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Tluway, kicheko kama cha mtu anayelia.

Mgeni alinyoosha mkono achukue na ile iliyoungua. Mama Kurwa alikuwa ameshaifunga tena kwenye pindo.

"Mwambie mimi nimempa nzima. Aniachie mbovu. Ndiyo iliyonifundisha."

Mgeni alisikiliza, akamtazama juu ya miwani. Akatikisa kichwa kukubali.

"Anasema ndivyo wanavyofanya wenye kukusanya," alisema Martini. "Nipe nikupe."

Kisha mgeni na meneja walikwenda pembeni. Walizungumza kwa muda mrefu, na hakuna aliyewatafsiria. Martini alikwenda kusikiliza akijifanya anapanga vikombe.

"Unabaki," alimwambia Tluway aliporudi. "Mgeni amesema kosa ni lake, hakuacha maagizo. Lakini meneja amesema ukigusa pasi tena anakupiga nayo. Unakwenda bustanini."

Na kweli alikwenda bustanini. Alikuwa dobi wa hovyo, lakini maua yalimpenda. Marsela alijifungua mwezi uliofuata, palepale juu, mtoto wa kike. Wakamwita Mwanamwema, ingawa walimbatiza jina lingine. Baadaye Tluway alirudi Mbulumbulu, akalima ngano.

Kila alipokuja mjini mwezi ukiwa mchanga, alisimama barabarani kabla hata ya kuamkia, akapaza sauti mpaka nyuma ya mlango.

"Mama Kurwa! Umeonekana!"

"Umekaaje?"

"Kama unavyokaa!"

Kelele zile zilimuudhi Hasani miaka mingi. Watu wazima wawili.

Mama Kurwa alifariki masika iliyopita. Beji iliyoungua ilikuwa ndani ya kijaluba chake, pamoja na ule uzi wa dhahabu uliobaki, urefu wa kope. Hasani aliviacha humo.

Juzi Tluway alikuja mjini. Ni mzee sasa, anatembelea fimbo. Alisimama barabarani kwa mazoea, akafungua mdomo, akakumbuka. Akabaki hivyo, mdomo wazi.

Hasani alikuwa kwenye cherehani. Alimaliza pindo. Alikata uzi kwa meno.

"Umekaaje?" aliuliza.

Tluway alivua kofia. Mama Kurwa ndiye aliyeishona.

"Kama unavyokaa, fundi."

"Haya. Pita ndani ule."